“Mjomba, NATO Ni Nini?”

Juzi nilikuwa Riruta, nyumbani kwa dada yangu. Wapwa zangu waliporudi chuoni walinishika mkono, wakaubusu, kisha yule mkubwa akanitupia swali. Alikuwa amesoma kwamba mwezi wa Juni 2024 Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkuu asiye mwanachama wa NATO.

“Mjomba, NATO ni nini? Na baba atapelekwa kwenye vita vyao?”

Baba yao ni askari. Dada yangu aliacha kumimina chai.

Ndugu msomaji, mtoto hajibiwi kwa hotuba. Nikawaonyesha ploti yao: vyumba kumi na viwili, lango moja. Mwizi akivunja mlango mmoja, wapangaji wote hutoka. Ndivyo walivyoagana wale wakubwa huko Washington, tarehe 4 Aprili 1949. Walikuwa nchi 12 zilizoihofia Urusi ya Kisovieti. Leo ni 32. Kifungu cha tano cha mkataba wao chasema kuwa ashambuliwaye mmoja wameshambuliwa wote, ingawa kila nchi hujiamulia itasaidia vipi. Kimetumika mara moja tu, mwaka 2001, Marekani iliposhambuliwa.

“Na sisi tumo?”

Hatumo. Jina tulilopewa hurahisisha mafunzo na ununuzi wa silaha, lakini halimlazimu mtu kuja kutupigania. Twasalimiana na wenye ploti. Ufunguo wa lango hatuna.

Yule wa kati akadakia: “Ni kama Hilful-Fudhul?”

Nilifurahi. Nikamwambia kuna tofauti. Kiapo kile cha Makka, alichohudhuria Mtume (S.A.W.) kabla ya utume, nyumbani kwa Abdallah bin Jud'an, kilikuwa cha kumsimamia aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni. NATO huwalinda kwanza wanachama wake.

Nikawakumbusha na ya kwetu Mombasa. Mwaka 1824 Mazrui, wakimhofia Sayyid Said wa Omani, waliomba ulinzi wa Waingereza. Kapteni Owen akakubali, bendera ikapandishwa. Serikali yake haikuridhia, na mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Mwaka 1837 mji ukaangukia mikononi mwa Sayyid Said. Ahadi ya nahodha si ahadi ya mwenye jahazi.

Lakini mtoto alikuwa bado akingoja habari ya baba yake. Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia NATO haina amri juu ya baba yake. Humtuma serikali yetu wenyewe. Askari wetu waliingia Somalia mwaka 2011, na Kongo mwaka 2022 pamoja na majirani wa Afrika Mashariki. Huko hakuna aliyetumwa na NATO.

“Kwa hivyo anaweza kwenda?”

“Anaweza, mwanangu. Tumwombee.”

Wazazi wenzangu, watoto wetu wanayasikia haya kila siku redioni. Wakiuliza, tuwaeleze ukweli kwa kadiri ya umri wao. Tukinyamaza, watajifunzia njiani.