Kutoka Mtumba Hadi Sare ya Shule: Ufundi wa Akina Mama wa Busia na Tororo

Katika masoko ya Busia na Tororo, mama ajuaye kushona haulizi bei ya nguo ya mtumba kabla ya kuipindua. Huitazama kwanza kwa ndani: mishono imeachiwa akiba ya kitambaa kiasi gani, pindo lina kina gani, makwapa yamechakaa au la. Ikiwa ni suruali, huinua sehemu ya kukalia na kuielekeza juani, maana kitambaa kinachopitisha mwanga mahali hapo hakitamaliza hata muhula mmoja. Akisha kuridhika ndipo huuliza bei, tena kwa sauti ya mtu asiyeihitaji sana nguo ile. Mchuuzi naye, ambaye amekwisha kumwona akipekua mishono, anafahamu fika kwamba huyu si mnunuzi wa kudanganywa kwa rangi.

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Katikati yake pana lango la forodha, ambalo tangu mwaka 2018 ni kituo cha pamoja cha nchi mbili. Tororo iko kaskazini, upande wa Uganda, chini ya ule mwamba mkubwa uonekanao kutoka mbali, na jirani yake ni lango lingine la mpaka, la Malaba. Wasamia na Wateso wana ndugu pande zote mbili. Nguo nazo huvuka kama watu wavukavyo. Robota la nguo kuukuu huitwa mtumba Kenya na mvumba Uganda. Tanzania nayo ilikuwa na jina lake la zamani, kafa Ulaya, lenye mzaha na uchungu ndani yake. Kwa wachuuzi wa Kenya, nguo bora zitokazo robota linapofunguliwa huitwa kamera, na masalio ya mwisho, yauzwayo kwa bei ya chini kabisa, huitwa fagia. Mtu atafutaye vazi la kuvaa Jumapili hugombea kamera. Mama atafutaye kitambaa huweza kungoja fagia, kwani shati lenye ukosi uliopasuka bado lina mgongo mzima.

Kitu anachokitafuta mama huyo, hasa miezi ya Desemba na Januari, ni sare ya shule. Uganda iliondoa karo katika shule za msingi za serikali mwaka 1997, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 2003. Karo iliondoka, lakini sare ilibaki, na katika nyumba yenye watoto wanne au watano sare ni mzigo usiokubali kuahirishwa. Mtoto asiye na sare huona haya mbele ya wenzake, na siku nyingine hupata kisingizio cha kubaki nyumbani.

Jambo hili limepata kupimwa katika wilaya ya Busia yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya wanafunzi wa shule za msingi upande wa Kenya walichaguliwa kwa bahati nasibu wakapewa sare bila malipo. Watafiti David Evans, Michael Kremer na Muthoni Ngatia waliona kwamba kutokuhudhuria masomo kulipungua kwa asilimia 44 miongoni mwa waliopewa sare, na kwa asilimia 62 miongoni mwa wale ambao hapo awali hawakuwa na sare kabisa. Yafaa kuongeza kwamba walipowafuatilia wanafunzi hao baada ya miaka minane, hawakuona tofauti katika kiwango cha elimu walichofikia. Kaptura peke yake haimfikishi mtoto chuoni. Lakini ilimfikisha darasani asubuhi ile, na kwa mzazi hilo si jambo dogo.

Basi, kaptura hiyo hutokaje ndani ya robota?

Suruali ya kijivu ya mwanamume, ile ya kiofisi, ndiyo mali hasa. Huwa imechakaa mahali pa kukalia na baina ya mapaja, lakini kuanzia magotini kushuka chini kitambaa aghalabu ni kizima. Kila mguu hufumuliwa mshono wa ndani ukalazwa wazi, na hapo hupatikana vipande viwili vinavyomtosha mtoto wa miaka saba au minane. Kufumua kwenyewe kuna adabu yake. Asiyejua huvuta uzi mpaka kitambaa kikapasuka. Ajuaye hukata kwa wembe kila mshono wa tatu au wa nne upande mmoja, kisha huuvuta uzi wa upande wa pili nao hutoka mzima. Vipande hufuliwa, hupigwa pasi, ndipo hupimwa. Kupima kabla ya kufua ni kupima uongo, kwa maana kitambaa kilichovutwa na mishono kwa miaka mingi hurudi katika umbo lake kikisha kulowa.

Kuna shida moja ambayo huwaaibisha wengi. Mahali palipokuwa na pindo la zamani hubaki mstari, na kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani yake huwa na rangi iliyokoza kuliko kwingine. Pasi haiwezi kuuondoa mstari huo. Dawa ni kukata ili mstari uangukie ndani ya pindo jipya, ama kugeuza kitambaa chote ili upande wa ndani uwe wa nje. Suruali nyingi za sufu nyembamba hugeuzika bila mtu kutambua, na rangi ya ndani, ambayo haikuonja jua, huonekana mpya.

Kwa ruwaza hutosha gazeti lililokwisha kusomwa. Sare ya zamani ya mtoto hulazwa juu yake, ikachorwa, na ikaongezwa vidole viwili kila upande kwa ajili ya mshono na kukua. Nyuma ya kiuno huachwa akiba kubwa zaidi, kama mafundi waachavyo katika suruali ya mtu mzima, na mpira hutiwa nyuma tu ili mbele pakae sawasawa.

Shati la mtoto lina siri nyingine. Cherehani nyingi za nyumbani mpakani ni zile za kukanyaga kwa miguu, zishonazo mshono ulionyooka na si zaidi. Cherehani ya namna hiyo haitoboi matundu ya vifungo. Matundu hushonwa kwa mkono, kazi ya kuumiza macho. Kwa hiyo mama mwerevu hauondoi ukanda wa vifungo wa shati la baba. Hulifunga shati vifungo vyote, hulikunja katikati, kisha hukata shati dogo ndani ya lile kubwa, ukanda ule ukibaki palepale kifuani. Matundu sita au saba yamepatikana bila hata sindano kuguswa. Ukosi hukatwa upya kutoka kipande cha mabegani, ambako kitambaa ni maradufu na hakichakai upesi, na kile kitambaa kigumu kilichokuwa ndani ya ukosi wa zamani hupunguzwa na kutumiwa tena. Wengine husema shati la mwanamume hufungwa kinyume cha blauzi ya mwanamke, na kwamba mtoto wa kike atachekwa. Katika darasa lenye watoto wengi, hakuna mwenye nafasi ya kuchunguza hilo.

Ikiwa shati ni la mwanafunzi mkubwa na limeharibika ukosi tu, halina haja ya kukatwa. Ukosi hufumuliwa, hugeuzwa upande wa chini ukawa juu, na kushonwa tena. Ni kazi ya chini ya saa moja kwa mkono uliozoea, nayo huongeza maisha ya shati kwa mwaka mzima.

Ufundi huu una mipaka yake, na si vyema kuificha. Shati jeupe, suruali ya kijivu, ya kaki au ya buluu iliyoiva hupatikana katika marobota. Lakini shule nyingine zina sare ya zambarau, au ya mirabaha ya kijani na nyeupe, na rangi hiyo haipatikani kwa kupekua. Hapo mzazi hana budi kununua kitambaa kipya, na mitumba ikasaidia kwa ndani tu: bitana, vifuko vya mifukoni, vifungo, zipu. Hata hivyo akiba ya vitu hivyo vidogo si ya kudharauliwa. Na mama aliyezoea kushona hatazami nguo peke yake katika robota. Hutazama mashuka na mapazia. Foronya moja ya blanketi la Ulaya, yenye upana wa mita mbili na urefu wa mita mbili, ina pande mbili zisizo na mshono katikati, yaani mita nane za mraba za kitambaa. Hakuna gauni la kamera liwezalo kushindana nalo.

Kukijua kitambaa ni nusu ya kazi. Uzi uliochomolewa pembeni ukichomwa kwa kiberiti husema ulivyo. Pamba huwaka kama karatasi ikaacha jivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka na kufanya tone gumu jeusi. Poliesta tupu humchosha mtoto kwa joto la Busia, na pasi ya makaa yenye moto mkali huiharibu mara moja. Iliyochanganywa na pamba ndiyo ifaayo kwa sare.

Kuhusu pasi, jambo moja lahitaji mkazo. Nguo za mtumba sharti zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuvaliwa, na zikaushwe juani. Lakini hata nguo iliyofuliwa vizuri ikianikwa nyasini au kivulini huweza kutagiwa mayai na nzi wa maembe, apatikanaye sehemu nyingi za Uganda na nchi nyingine za joto. Funza wake huingia katika ngozi na kuleta jipu. Pasi ya moto ipitishwe pande zote mbili, hasa penye mishono na mikunjo, ambako unyevu hukawia.

Wapo wasemao kwamba mitumba ingefaa ikomeshwe. Nchi ya Teso na Bukedi ilipata kuwa nchi ya pamba. Mbegu zilianza kugawiwa wakulima wa Uganda mwaka 1903, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Uganda ilikuwa ikivuna zaidi ya robota 400,000 kwa mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya robota 20,000. Ni haki kusema kwamba anguko hilo lilitokea kabla mitumba haijafurika; machafuko ya utawala, vita na magendo ndivyo vilivyoing'oa pamba. Mitumba ilipofurika baadaye, ilikuta shamba limekwisha kuwa kichaka, ikawa vigumu zaidi kwa viwanda vya nguo kusimama tena.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba ifikapo mwaka 2019. Rwanda ilishikilia kodi yake na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Kenya, Uganda na Tanzania zilirudi nyuma. Machi 2020 Kenya ilizuia uingizaji wa mitumba kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ikauruhusu tena mwezi Agosti. Agosti 2023, akiwa Mbale, Rais Museveni alitangaza kwamba mitumba haitakiwi Uganda, akisema ni nguo za wafu. Kampala kwenyewe mbunifu Bobby Kolade amefuata njia yake: tangu 2022 huzifumua nguo za mvumba, huziunganisha upya, na kuziuza katika nchi zilikotoka.

Kila tangazo la namna hii hufika upesi katika baraza za maduka ya Busia na Tororo, ambako mafundi huketi na cherehani zao. Fundi wa barazani haishi kwa kushona suti mpya. Huishi kwa kupunguza viuno, kufupisha miguu ya suruali, kutia zipu, na kuongeza ubavuni mwa gauni kipande cha kitenge kwa sababu gauni la Ulaya halikukatwa kwa nyonga za mwenyeji. Robota likikosekana, kazi hiyo nayo hukosekana. Kiwanda kikijengwa, si yeye atakayeajiriwa kwanza. Wakati huohuo yeye ndiye ajuaye kuliko wengi jinsi kitambaa kipya cha pamba kinavyoshoneka vizuri, na angependa kukiona kinatoka karibu.

Maadamu shauri hilo halijaisha, muhula hauachi kufika. Kaptura iliyoshonwa Januari hutakiwa kurefushwa Januari nyingine, na ndiyo maana pindo lake huachwa na kina cha vidole vinne na hushonwa kwa mkono, si kwa cherehani, ili lifumuliwe bila kuacha matobo. Likisha kuteremshwa, mstari wa pindo la mwaka uliopita huonekana wazi. Akina mama wengi huufunika kwa kupitisha juu yake mshono mmoja wa uzi wa rangi ileile, kuzunguka miguu yote miwili, nao hufanana na pambo lililokusudiwa tangu mwanzo.