Siku 84 na Ngazi ya Uhadhiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa wa Tanzania aliyejifungua likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 iwapo amejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na akirejea kazini humruhusu kutumia hadi saa mbili kwa siku kumnyonyesha mtoto. Siku 84 ni wiki 12, ilhali wataalamu wa afya hushauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Wiki zipatazo 14 zinazobaki mhadhiri huzivusha kwa kukamua maziwa alfajiri, kuyafunika katika kikombe safi na kumkabidhi bibi wa mtoto au dada wa kazi.

Kwa anayefundisha Singida mjini, iliko kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, kuwahi kipindi si shida kubwa, kwa kuwa mji si mkubwa. Uzito uko kwenye ngazi ya taaluma, yaani mpangilio wa vyeo unaompandisha mtu kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa kwa kupima shahada na machapisho yake. Likizo hulinda mshahara wa mama, lakini haimwandikii makala ya utafiti. Na miaka ambayo ngazi hiyo humdai shahada ya uzamivu ndiyo ileile ambayo wanawake wengi huzaa.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kiko takriban kilomita 240 kutoka Singida. Mwanamume akipata nafasi ya kusomea uzamivu huko hupewa hongera. Mwanamke huulizwa mtoto atabaki na nani, swali ambalo kwa haki lingemhusu baba pia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo mkoani Singida, hufundisha kwa masafa, yaani mwanafunzi husoma akiwa kwake, ila masafa huondoa safari ya basi tu, hayamwondoi mtoto anayeota meno wakati sura ya tasnifu inasubiri.

Zaidi ya hayo, data hukusanywa uwandani. Mtafiti anayekwenda wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, kuwahoji wakulima wa alizeti humbeba mtoto anayenyonya pamoja na mlezi wake, na kwa kawaida bajeti ya utafiti huwa na posho ya dereva, lakini nauli na chakula cha mlezi hutoka mfukoni mwa mama.