Upanga, Deraya na Uungwana: Kweli au Si Kweli?

Kila shujaa mpanda farasi wa Ulaya ya kale aliapa kutii amri kumi za uungwana.

Si kweli. Amri hizo, zinazosambazwa mtandaoni kana kwamba zimeokotwa ngomeni, ziliorodheshwa na Mfaransa Léon Gautier katika kitabu alichokitoa mwaka 1884, enzi za treni na bunduki. Alisoma tenzi za kale za vita, akachuja humo maadili aliyoyapenda, akayapanga mfano wa amri za Musa. Zama za kati zenyewe zilikuwa na miongozo yake, ila haikupatana. Ramon Llull wa Mallorca, aliyeandika katika miaka ya 1270, alitaka askari awe kwanza mlinzi wa dini na haki. Geoffroi de Charny, aliyeuawa Poitiers mwaka 1356 akiwa ameshika bendera ya vita ya mfalme wa Ufaransa, alimpima mtu zaidi kwa aliyoyatenda vitani.

Shujaa wa hadithi za uungwana havunji kanuni.

Si kweli hata chembe. Angekuwa havunji, nani angejisumbua kumsoma? Mtazame Lancelot alivyosimuliwa na Chrétien de Troyes, Mfaransa wa karne ya 12. Malkia Guinevere, mke wa Mfalme Arthur, ametekwa, na Lancelot anayempenda anamfuata kwa miguu maana farasi wake amekufa. Anakutana na mbilikimo anayeendesha mkokoteni, naye anamwambia: panda, kesho utajua malkia yuko wapi. Mkokoteni huo ni wa kutembezea wezi na wauaji, na aliyeupanda heshima yake imekwisha. Lancelot anasita. Hatua mbili tu, kisha anapanda. Gawain, mwenzake aliye juu ya farasi, anakataa katakata na kufuata nyuma, na kwa kanuni za askari hana kosa lolote.

Baadaye Lancelot anavuka mto juu ya daraja ambalo ni upanga mtupu, mikono na miguu ikichuruzika damu. Anapigana, anashinda, anapelekwa mbele ya malkia, na malkia hataki hata kumtazama. Kosa lake ni zile hatua mbili! Heshima ya askari ilimtaka asipande kabisa, na mapenzi yalimtaka apande bila kufikiri. Chrétien hasemi nani mwenye haki. Hata kumalizia kisa alimwachia mtu mwingine, Godefroi de Leigni.

Kanuni ziliwalinda wanawake.

Nusu kweli, na nusu ya pili inachukiza. Katika kitabu cha Thomas Malory cha karne ya 15, Mfalme Arthur anawaapisha watu wake kila Pentekoste wasiue ovyo, wamhurumie anayeomba rehema, na wasimwingilie mwanamke kwa nguvu, adhabu yake kifo. Ni kiapo kizuri. Lakini yule Malory ambaye wataalamu wengi wanaamini ndiye mwandishi alishtakiwa kwa ubakaji, wizi wa mifugo na kuvamia nyumba ya watawa. Kesi hazikufikia hukumu, ila kitabu alikiandika akiwa kifungoni. Tena ulinzi ulikuwa na tabaka lake. Andreas Capellanus, aliyeandika kuhusu adabu za mapenzi miaka ya 1180, anamshauri muungwana aliyetamani mwanamke wa kijijini asisite kutumia nguvu kidogo.

Mashujaa wote walikuwa Wakristo weupe.

Si kweli. Kipo kisa cha Kiholanzi cha karne ya 13 kuhusu Morien, kijana mweusi, mwana wa binti mfalme wa Wamori na Aglovale, mmoja wa watu wa Arthur. Anamtafuta baba aliyeahidi kurudi kumwoa mama yake asirudi. Anapigana na Lancelot bila kushindwa, lakini pwani mabaharia wanamkimbia kwa rangi yake. Wolfram von Eschenbach, Mjerumani, naye ana Feirefiz, ndugu kwa baba wa Parzival, shujaa mkuu wa kisa chake; Feirefiz ni mwenye ngozi ya mabaka meusi na meupe na ambaye bado hajabatizwa. Wanapopigana bila kujuana, upanga wa Parzival unavunjika. Feirefiz anautupa wake mbali, hataki kumpiga asiye na silaha. Kwa maoni yangu, katika kisa chote hakuna tendo la kiungwana zaidi ya hilo.

Mhispania Cervantes aliziua hadithi hizi kwa kitabu chake, Don Quijote.

Alizikuta mahututi. Kufikia mwaka 1605, kitabu chake kilipotoka, waandishi wa Hispania walikuwa karibu wameacha kutunga mpya. Wala hakuzichukia zote. Kasisi na kinyozi wanapochagua vitabu vya kuchomwa katika maktaba ya Don Quijote, wanakiokoa kitabu cha Tirant lo Blanc, na kasisi anakisifu kwa kuwa humo mashujaa wanakula, wanalala, na wanafia kitandani baada ya kuandika wasia. Mwisho wa sehemu ya pili, ya mwaka 1615, Don Quijote mwenyewe anafia kitandani akiwa ameandika wasia: mpwa wake Antonia akitaka kuolewa, kwanza mume achunguzwe kama anavijua vitabu vya mashujaa. Akivijua, na binti akaolewa naye kwa ukaidi, urithi wote aukose.