Usivue Kinga za Pikipiki Wakati wa Masika



Masika yanapoanza, kazi katika zahanati zetu za vijijini hubadilika. Wagonjwa wa malaria huja, wa kuhara huja, na majeruhi wa pikipiki nao huja. Malaria na kuhara tumekwisha kuzungumza mara nyingi. Leo tuzungumze juu ya pikipiki.

Siku hizi pikipiki ndiyo miguu ya kijiji. Humpeleka mama mjamzito kliniki na huleta mbolea shambani. Kwa hiyo sikuambii uache kuipanda. Nakuambia jambo moja tu: angalia vitu vidogo vilivyofungwa kwenye pikipiki, na vile vilivyofunguliwa. Majeraha mengi ya wakati wa mvua yanatokana na hivyo.

KINGA YA GURUDUMU LA NYUMA

Baadhi ya pikipiki tunazotumia, kama Boxer na TVS, asili yake ni India. Huko akina mama wengi huvaa sari, vazi refu lenye pindo linaloning'inia kama kanga zetu. Kanuni za India za mwaka 1989 zinataka kila pikipiki iwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma, ili nguo ya abiria isinaswe.

Ikifika kwetu, kinga hiyo mara nyingi huondolewa. Wengine huivua wapate nafasi ya kufunga keria kubwa ya mizigo. Wengine huivua wakati wa mvua kwa sababu hushika matope. Baada ya hapo spoku hubaki wazi. Kanga iliyolowa maji ni nzito na huning'inia chini. Ikinaswa, humvuta mwenyewe kwa nguvu ya injini.

Mtoto naye yuko hatarini. Miguu yake haifiki pa kukanyagia, na kandambili yenye tope huteleza. Kisigino kikiingia kwenye spoku, ngozi huchunika na mfupa waweza kuvunjika. Jeraha la namna hii hudanganya. Siku ya kwanza huonekana ni mchubuko, lakini baada ya siku chache ngozi iliyopondwa hufa na kuwa nyeusi. Kwa hiyo mlete mtoto zahanati siku ile ile, hata kama anatembea.

Kama kinga imeondolewa, mwambie fundi airudishe. Kama imepotea, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza nyingine kwa nondo nyembamba na wavu. Gharama yake ni ndogo kuliko mguu wa mtoto.

KIFUNIKO CHA EKZOSI

Katika pikipiki nyingi bomba la moshi, yaani ekzosi, liko upande wa kulia. Lina kifuniko cha bati kinachozuia mguu usiguse chuma cha moto. Kifuniko kikilegea huanza kupiga kelele, na dereva hukitupa. Siku ya mvua abiria anateremka haraka, anateleza, na ndama ya mguu inagusa ekzosi.

Dereva, kirudishe kifuniko hicho. Abiria, pandia kushoto na teremkia kushoto. Huko hakuna ekzosi, na kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, utakanyaga pembeni na siyo katikati ya magari.

Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Usipake dawa ya meno, majivu, mafuta wala yai. Vitu hivyo huleta uchafu na huficha ukubwa wa jeraha. Funika kwa kitambaa safi, kisha uje zahanati. Usipasue malengelenge.

MADIGADI YA MBELE

Wenzetu wanaoishi penye udongo mweusi wa mbuga wanajua taabu hii. Tope hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Dereva hukasirika na kufungua madigadi yote. Sasa gurudumu linazunguka, lakini tope linaruka usoni na kwenye injini. Injini inayopozwa kwa hewa ikifunikwa na tope hupata joto kupita kiasi. Na dereva aliyeingiwa na mchanga machoni haoni anakokwenda.

Dawa yake si kuvua. Mwombe fundi aipandishe madigadi juu kidogo na kuifunga imara, ili tope lipate nafasi ya kupita. Ukiingiwa na uchafu jichoni, usifikiche. Osha kwa maji safi mengi. Maumivu yakiendelea, njoo upimwe.

MWAVULI

Wako wanaofunga mwavuli mkubwa juu ya pikipiki. Abiria hafurahii kulowa, hilo tunalielewa. Lakini upepo ukiushika mwavuli, usukani nao huvutwa. Koti la mvua ni bora zaidi. Lifunge vizuri, pindo lisifike kwenye gurudumu wala mnyororo.

BREKI, TAIRI NA KOFIA

Mwendo wa kilometa 40 kwa saa ni mita 11 kila sekunde. Penye maji pikipiki huhitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Mvua ya kwanza ndiyo yenye utelezi mbaya barabara ya lami, kwa sababu vumbi na oili ya magari huchanganyika na maji. Punguza mwendo kabla ya kona. Shika breki zote mbili taratibu, usizibane ghafla. Ukishavuka maji, endesha polepole huku ukigusa breki kidogo kidogo hadi zikauke. Tairi la kipara libadilishwe kabla ya masika, siyo baada ya kuanguka. Mto uliofurika usivukwe hata kidogo.

Wengine hutundika kofia ngumu mkononi kwa sababu kioo chake huingia ukungu. Inua kioo kidogo, hewa ipite. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliojumlisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali, ulionyesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini lazima ifungwe kidevuni. Kofia isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijagonga chini.

NDUGU DEREVA

Mimi nami ni kijana. Najua kwamba wengi wenu mna mkataba, na hesabu ya tajiri haingoji mvua ikatike. Lakini mfupa wa mguu ukivunjika huchukua miezi kuunga. Muda huo wote pikipiki itaendeshwa na mwingine, na watoto wako watakula nini? Tajiri naye ajue kwamba kifuniko na madigadi ni sehemu ya pikipiki yake. Kuvirudisha ni wajibu wake, siyo kazi ya dereva peke yake.

Na yeyote aliyejeruhiwa na kuingiwa na tope katika kidonda aoshe kwa maji safi na sabuni, kisha aje aangaliwe kama anahitaji sindano ya pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huo hukaa udongoni.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Pikipiki ngapi za kijijini kwetu bado zina kinga ya gurudumu la nyuma?
2. Abiria anapaswa kuteremkia upande gani, na kwa nini?
3. Mtu akiungua na ekzosi, tumfanyie nini kwanza?
4. Ni fundi gani hapa kwetu anayeweza kutengeneza kinga, na wenye pikipiki watachangiaje gharama?

Baada ya kujadili, tokeni nje mkazikague pikipiki zilizosimama hapo.