Filamu katika ujifunzaji wa lugha

Filamu katika ujifunzaji wa lugha ni matumizi ya filamu au katuni kumsaidia mtoto kuongeza msamiati, kuzoea matamshi na kukuza uwezo wa kusimulia hadithi. Faida yake hutegemea zaidi mazungumzo yanayofuata kuliko kutazama kwenyewe.

Historia

Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu za mafunzo. Maelezo yake yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali. Baadaye, katika mabanda ya video, wasimuliaji kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Tangu 2014 katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam, hufundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo.

Mahali penye lugha mbili

Katika Lupepo, kata ya Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, watoto wengi huzungumza Kinyakyusa nyumbani, ilhali shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto anaweza kufuata kisa chote kwa picha tu, akacheka panapochekesha, bila kupata neno hata moja jipya. Kwa hiyo kimya chake darasani si lazima kiwe dalili ya kutoelewa. Akisimulia kwanza kwa Kinyakyusa, kisha kwa Kiswahili, mwalimu hutambua kama amekosa maneno au amekosa mpangilio wa matukio.

Hatua

1. Kuchagua kipande cha dakika 5 hadi 10 kinachofaa umri wa watoto.
2. Kutaja maneno machache kabla ya kutazama. Kwa kisa cha kuvuka mto yanaweza kuwa ukingo, mkondo na kuteleza.
3. Kusimamisha picha na kuuliza: "Nini kitafuata? Kwa nini?"
4. Kuonyesha kipande tena bila sauti, watoto wakisimulia kwa zamu.
5. Kuwaachia wabadilishe mwisho, kwa mdomo au kwa maandishi.

Mipaka

Filamu haijibu swali la mtoto wala haisahihishi sentensi yake. Kazi hiyo hubaki kwa mzazi, mwalimu au ndugu anayetazama pamoja naye. Pasipo umeme, hatua hizohizo hufuatwa kwa picha za kitabu au hadithi ya bibi.