Jaribu Kwanza, Ndipo Ubadilishe



Wewe unayekaa Marangu, Kibosho au Machame unazijua habari za miche mipya ya kahawa. Kuanzia mwaka 2005 wakulima walipewa aina mpya kutoka kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungu. Aina hizo zinastahimili chule buni na kutu ya majani. Lakini mkulima mwenye busara hang'oi mibuni yote ya kihamba kwa siku moja. Hupanda miche michache kwanza. Huitazama. Akiona inafaa, huongeza.

Siku hizi kompyuta zimeingia katika nyumba zetu. Nazo zinataka busara ileile.

Programu ni nini?

Kompyuta ina sehemu unazoweza kuzishika, kama kioo na vitufe vya kuandikia. Lakini sehemu hizo peke yake hazifanyi kazi. Ndani yake yamo maagizo yaliyoandikwa na mafundi. Maagizo hayo huitwa programu. Iko programu ya kuandika barua. Iko programu ya kufanya hesabu. Programu kubwa inayozisimamia zote huitwa mfumo. Kompyuta nyingi hutumia mfumo uitwao Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani.

Programu huandikwa na watu, na watu hukosea. Mafundi wakigundua kosa, hutuma marekebisho kwa njia ya intaneti. Kuyapokea marekebisho hayo huitwa kusasisha. Mara nyingine mfumo mzima hubadilishwa, ukawekwa mwingine.

Hasara ya kukataa

Wako wanaosema: "Yangu inafanya kazi, siigusi." Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa katika Windows. Watu wengi hawakuyaweka. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya uharibifu iitwayo WannaCry ilipita katika ufa huo. Ilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi karibu 150, na wenyewe wakadaiwa fedha ili wafunguliwe. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha matibabu ya wagonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hasara ya kukurupuka

Wako na wengine ambao kila kipya hukipokea siku ileile. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilituma marekebisho yenye kosa. Kompyuta kiasi cha milioni 8.5 zilikataa kuwaka. Safari nyingi za ndege zilifutwa. Baadaye kampuni hiyo ilisema itapeleka marekebisho kwa kompyuta chache kwanza, kisha kwa nyingine. Je, si ndivyo afanyavyo mkulima wa kahawa?

Jambo kama hilo laweza kutokea hata kijijini. Tuchukue mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa. Katibu ameandika akiba za wanachama katika kompyuta ya nyumbani kwake. Kijana wake anakuja likizo kutoka Moshi mjini. Anataka kumwekea mama mfumo mpya. Kazi ikiwa katikati, umeme unakatika. Kompyuta inapowaka tena, hesabu hazimo. Siku ya mkutano wanachama wanauliza fedha zao. Katibu hakuiba hata shilingi moja. Lakini ataonyesha nini?

Ufanye nini?

Kwanza, toa nakala. Weka hesabu na barua zako katika flashi. Ifungue flashi hiyo katika kompyuta nyingine, uone kama inasomeka. Kisha iweke mbali na kompyuta. Hesabu za fedha ziandike pia katika daftari.

Pili, tazama umeme na bando. Betri ijae. Bando litoshe, kwa maana mfumo mzima hula bando kubwa.

Tatu, chukua programu kwa mtengenezaji mwenyewe. Usikubali flashi ya mtu usiyemjua.

Nne, jaribu kidogo kwanza. Uko mfumo wa bure uitwao Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Aina zake nyingi huweza kuwashwa kutoka katika flashi, bila kugusa vilivyomo katika kompyuta. Fanya humo kazi zako za kila siku: andika, jumlisha, chapa. Ikikuuliza kama ifute vitu vyote, usikubali mpaka nakala yako iwe salama.

Tano, usifanye mabadiliko siku moja kabla ya mkutano. Jipe siku kadhaa za kutazama.

Kumbuka pia tofauti hii. Marekebisho madogo ya usalama usiyacheleweshe; toa nakala, kisha yapokee. Mfumo mzima usiuharakishe. Hata hivyo, usiukwepe daima. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Kama yako ni mojawapo, muulize fundi unayemwamini, au jaribu Linux kwa njia tuliyoieleza.

Wahenga walisema: Usitupe mbachao kwa msala upitao. Hawakusema msala usiutazame. Utazame, ukalie, uujaribu. Lakini mbachao uwe bado umekunjwa pembeni.

Maswali ya kujadili

1. Kusasisha ni nini?
2. Je, hesabu za kikundi chako zimeandikwa mahali pangapi?
3. Kompyuta ya katibu ikiharibika leo usiku, kesho mtaonyesha nini?