Baada ya Rambo Kuondoka: Mfuko wa Sokoni na Afya ya Jikoni

Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la rambo. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zilikataza kuitengeneza, kuiingiza nchini, kuiuza, kuihifadhi na kuitumia. Anayekutwa akiitumia aliwekewa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006, Rwanda 2008 na Kenya mwezi Agosti 2017.

Faida za katazo hilo kwa mazingira zimeelezwa mara nyingi. Makala haya yanauliza swali la kitabibu: kwa kuwa rambo limeondoka mkononi, chakula chetu sasa kinafikaje jikoni, na kinafika kikiwa salama? Swali hili linamhusu mnunuzi wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Linamhusu vilevile mama wa Suji, katika milima ya Upare wilayani Same, anayeteremka Makanya kununua mahitaji na kuupanda mlima akiwa na nyama, dagaa, nyanya na sabuni katika mfuko mmoja.

Maradhi yaliyofuata taka

Katika jiji kubwa, mfuko uliotupwa haupotei. Hubebwa na maji ya mvua hadi kwenye mtaro, hushikana na mingine, na mtaro huziba. Maji yakikosa njia huingia majumbani yakiwa yamechanganyika na kinyesi kutoka vyoo vilivyofurika. Hii ni mojawapo ya njia ambazo kipindupindu hutumia kuenea, na Dar es Salaam inaukumbuka mlipuko ulioanza Agosti 2015. Bangladesh, nchi ya kwanza kukataza mifuko myembamba ya plastiki mwaka 2002, ilichukua hatua hiyo baada ya mifuko kuziba mifereji na kuzidisha mafuriko.

Maji machache yaliyotuama ndani ya taka za plastiki hutosha pia kuwa mazalia ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi. Jiji lilikumbwa na milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na 2019. Mifuko haikuwa chanzo pekee cha maradhi haya, lakini kuiondoa ni kupunguza mahali ambapo maradhi hujificha.

Milimani athari huja kwa sura nyingine. Wapare wamerithi ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya umwagiliaji, pamoja na mifereji inayoyapeleka mashambani. Plastiki hunasa katika mifereji hiyo kama inavyonasa katika mitaro ya jiji. Ng'ombe na mbuzi nao huimeza pamoja na majani au maganda; haisagiki wala haitoki, hujikusanya tumboni na mnyama hudhoofu hadi kufa. Familia hupoteza maziwa ya watoto kwa kitu kilichotolewa bure dukani.

Mfuko mpya, wajibu mpya

Mfuko wa rambo ulitumika mara moja ukatupwa. Mfuko mbadala na kikapu hutumika kwa miezi au miaka, na hapo ndipo afya inapohitaji uangalifu mpya. Mchuzi wa nyama mbichi ukidondokea ndani ya mfuko leo, bakteria waliomo hukutana kesho na nyanya au ndizi zitakazoliwa bila kupikwa.

Watafiti nchini Marekani waliwahi kuichunguza mifuko 84 ya wanunuzi wa Arizona na California. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kuwa karibu wote waliohojiwa hawakuwa na desturi ya kuifua. Bakteria aina ya Escherichia coli walipatikana katika takriban asilimia 8 ya mifuko. Ilipotiwa maji ya nyama na kuachwa ndani ya buti ya gari kwa saa mbili, bakteria waliongezeka mara kumi. Lakini mifuko iliyofuliwa, kwa mkono au kwa mashine, ilipungukiwa na bakteria kwa zaidi ya asilimia 99.9.

Msomaji azingatie matokeo hayo mawili ya mwisho. Saa mbili ndani ya buti yenye joto hazina tofauti kubwa na safari ya nyama kutoka buchani, ikisubiri gari lijae abiria na kisha kupanda mlima. Dawa yake nayo haina gharama ya kutisha: ni maji, sabuni na jua.

Tukio jingine la huko Marekani lina funzo lake. Mwaka 2010 wasichana wa timu ya soka kutoka jimbo la Oregon waliugua kutapika na kuhara. Uchunguzi ulionyesha kuwa mfuko wa vitafunio ulikuwa umewekwa katika bafu alimotapikia mgonjwa wa kwanza. Virusi viliufikia mfuko, na waliokula vitafunio hivyo wakaambukizwa. Kwa hiyo mfuko wa chakula usitundikwe msalani, usiwekwe chini ya kitanda cha mgonjwa hospitalini, wala usibebe nepi na nguo chafu.

Rambo lililobaki jikoni

Katazo liliiondoa mifuko ya kubebea, lakini nailoni bado imo majumbani, na mazoea mawili yanastahili kuachwa.

La kwanza ni kufunikia chungu au sufuria. Makande, chakula kipendwacho Upareni, huchemka kwa muda mrefu. Ili kuni zisiishe na mahindi yalainike upesi, wapo wanaotandaza nailoni juu ya sufuria kabla ya kuweka mfuniko. Baadhi ya plastiki hulainika katika joto linalokaribia la maji yanayochemka, na joto pamoja na mafuta huharakisha kuhama kwa kemikali kuingia kwenye chakula. Mifuko ya rangi, hasa myeusi, mara nyingi hutokana na plastiki iliyokwisha kutumika kwa kazi nyingine; haikukusudiwa kugusa chakula. Kuloweka mahindi na maharage usiku kucha, kisha kumwaga maji hayo, hupunguza muda wa kupika bila hatari hiyo. Jani la mgomba lililooshwa nalo hufunika vizuri. Tahadhari iyo hiyo inahusu chai, uji au chipsi za moto zinazotiwa katika vifuko vya plastiki.

La pili ni kuwashia moto. Msimu wa mvua kuni huwa mbichi, na kipande cha nailoni hushika haraka. Moshi wake hubeba chembe ndogo zinazofika ndani kabisa ya mapafu, na plastiki zenye klorini zikiungua huweza kutoa dioksini, sumu inayodumu mwilini kwa miaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Jiko la kuni tayari ni mzigo kwa pafu la mtoto aliyebebwa mgongoni, tusiuongeze. Vijiti vikavu, magunzi au maganda makavu ya mahindi yaliyohifadhiwa darini hufanya kazi ileile.

Kwa mhudumu wa afya

Kanuni za 2019 hazikugusa vifungashio vya huduma za tiba wala mifuko ya kudhibiti taka, hivyo mifuko ya taka za hospitali iendelee kutumika kwa utaratibu wake. Kilicho kipya ni mazungumzo. Mama anapoletwa na mtoto anayeharisha, tumezoea kumuuliza kuhusu maji, choo na kunawa mikono. Tumuulize pia nyama huletwaje nyumbani. Kwa mtoto anayekohoa mara kwa mara, tuulize moto huwashwa kwa nini.

Ushauri wenyewe ni mfupi, na mgonjwa anaweza kuukumbuka:

Nyama na samaki wabichi wawe na chombo chao chenye mfuniko, au mfuko wao pekee.

Mfuko wa kitambaa ufuliwe kwa maji na sabuni kila baada ya kubeba vibichi, na angalau mara moja kwa wiki, kisha uanikwe juani hadi ukauke kabisa. Kikapu cha ukindu au mkonge kisuguliwe na kuanikwa vivyo hivyo.

Mfuko wa chakula usibebe viatu, mafuta ya taa wala dawa za shambani.

Plastiki isifunike chakula kinachochemka, wala isiwashe moto.

Bibi zetu walikwenda sokoni na vikapu kabla rambo halijafika, na walikuwa na desturi ya kuvikung'uta na kuvianika. Sheria imeturudishia kikapu. Kukiosha ni juu yetu, kila nyumba kwa nafasi yake.